Matanga ya Mgeni wa Kinamasini

Sepetu ya Myles Gaughan ilipogonga kitu laini, alidhani ni mzizi. Akainama, akapangusa mboji kwa kiganja, kisha akarudi nyuma kama aliyeumwa na siafu.

"Dada! Njoo! Hapana, usije!"

Sabina alikuja. Katika ukuta mweusi wa kinamasi waliokuwa wakiukata ili wapate mboji ya kukausha na kuchoma kama kuni, palitokeza mkono wa mtu, ngozi yake kahawia kama tandiko la farasi. Juu yake kulikuwa na uso wa mwanamke, macho yamefumbwa, na shingoni kitanzi cha fito zilizosokotwa.

"Huyu hakujifia," Myles alinong'ona.

Polisi alifika, akatazama, akapiga simu Dublin. Aliambiwa mtu huyo ni wa kale, pengine wa kabla ya Patrick Mtakatifu kuleta Ukristo Ireland. Wamfunike kwa mboji mbichi, wasimguse, wataalamu wako njiani. Watafika jioni.

"Basi twende tukanywe chai," akasema Myles.

"Nenda wewe. Maiti haachwi peke yake."

"Sabina, huyo hata Mkristo si! Utamsalia nini?"

"Tangu lini Baba Yetu ikauliza mtu kadi ya ubatizo? Niletee kiti, na ukome."

Myles alileta kiti. Hakumbishia zaidi, maana alijua. Mume wa Sabina, Austin, alikwenda baharini na mashua ya kuvulia kamba miaka tisa nyuma, na bahari haikurudisha hata kiatu. Nyumba ile haikuwa na matanga. Padri alipotaka kumsomea misa, Sabina alimfungia mlango: "Umsomee nani? Nionyeshe kwanza."

Habari zikaenea. Bibi Honor Lavelle, jirani yao, akaja na birika na mkate, wengine wakafuata, wakaketi kwenye mafungu ya mboji wakinong'ona. Ndipo Sabina akaanza kulia kilio cha kale, kile cha bibi zao, cha kumwita marehemu na kumuuliza kwa nini ameondoka. Alimlilia mwanamke asiye na jina, aliyenyongwa na watu wake mwenyewe. Katikati, jina likamponyoka: Austin. Alilirudia, na hakuna aliyemsahihisha.

Daktari Orla Tuohy wa makumbusho alifika na wenzake, machela mikononi. Alipoona watu wamepiga magoti aliishusha machela chini, akangoja rozari iishe.

"Mtamzika?" Sabina akamuuliza.

"Hapana, mama. Sitakudanganya, atawekwa makumbusho."

"Basi mfunikeni uso njiani."

Walimchimbua pamoja na mboji yake. Gari lilipoondoka polepole, Sabina alilifuata kwa miguu hadi darajani, majirani nyuma yake, kama ilivyo desturi ya mazishi yoyote ya pale.

Jumapili alibisha mlango wa padri. "Ile misa ya Austin," alisema. "Naomba uisome sasa."