Mraba Mweupe kwenye Kifuniko

Mimi ni muuguzi, na kabla hujaniuliza, ndiyo, nina mdomo. Akina mama wa vijiji vya huku Biharamulo wananijua. Mtu akija kliniki bila kadi ya mtoto namsema mpaka anyooke. Lakini siku ninayoisimulia sikumsema mtu kwa ajili ya kadi. Niliogopa tangu saa nne asubuhi, na hofu ile haijanitoka mpaka leo.

Ilikuwa Ijumaa, Kwaresima iko ukingoni. Nilikwenda kuchanja surua kwenye kigango kimoja, kanisa dogo la kijijini, mbali na zahanati yetu. Surua ilikuwa imeshaingia kijijini. Nyumbani kwa mama mmoja, Yuster, mwendo mfupi kutoka kigangoni, watoto wawili walikuwa wamelala na vipele mwili mzima. Njiani pikipiki ilipata pancha, tukakaa juani karibu saa nzima, kisanduku cha barafu nimekipakata kama mtoto.

Kila kichupa cha chanjo ile kina alama kwenye kifuniko: duara la zambarau, na ndani yake mraba mweupe. Mraba ule ni aina ya plastiki ambayo chembe zake hushikana polepole zikipata joto, na kadiri zinavyoshikana ndivyo unavyogeuka rangi. Ukifanana na duara, dawa imekufa, itupe. Ukishageuka haurudi kuwa mweupe hata uuweke kwenye friji mwaka mzima. Kwa hiyo hakuna wa kukudanganya. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyoamini.

Nilianzia barazani. Kichupa cha kwanza kilikuwa kizuri, mraba mweupe kabisa, nikachanja watoto kumi. Jua likapanda, baraza likawaka. Katekista, Mwalimu Celestini, mzee mpole sana, akanionea huruma.

"Mama Deodata, ingia sakristia. Dawa zako zitaungua hapo."

"Asante, mwalimu."

Sakristia ni kachumba ka dirisha moja, na dirisha lenyewe lilikuwa limefunikwa kitambaa cha zambarau cha Kwaresima. Nikafunga mlango ili wasinisukume, nikatoa barakoa, nikanawa, nikapanga sindano. Macho yakazoea. Nikachukua kichupa cha pili, nikatazama kifuniko.

Mraba ulikuwa umepotea. Duara na mraba, rangi moja.

Nikachukua cha tatu. Hivyo hivyo. Cha nne pia. Nikakaa kwenye sanduku la mavazi ya misa. Nikawaza lile jua la njiani. Kisha nikawaza watoto kumi wa barazani. Kama hivi vitatu vimekufa, kile cha kwanza kilikuwa kizima kweli, au nilikitazama haraka haraka? Kifuniko chake nilishakitupa kwenye shimo la taka. Watoto kumi wamerudi nyumbani, mama zao wanajua wamekingwa, na surua iko jirani.

Ningetoka nikasema ukweli, wale kumi wangenirudia wote. Ningeandikiwa barua ya onyo. Kijiji kizima kisingeleta mtoto tena. Hayo yote yalinipitia kichwani, na nasema wazi kwamba barua ndiyo iliyotangulia.

Nikafungua mlango. "Chanjo zimekwisha. Mrudi mwezi ujao."

Wakaguna, wakaanza kuondoka. Akabaki Limi, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga. Mtoto wake Happy, wa miezi tisa, alikuwa mgongoni.

"Shikamoo, daktari. Mimi mwezi ujao siko hapa. Kesho tunahama na ng'ombe. Nyumba yetu na ya Yuster zinatazamana, watoto walikuwa wanacheza pamoja. Hata tone moja halikubaki?"

"Marahaba. Halikubaki."

"Tazama tena, daktari."

"Nimekwambia zimekwisha."

Hapo mdomo wangu ulirudi, tena mkali. Limi akainama, akamfunga mtoto vizuri, akaondoka.

Nilibeba kisanduku nikatoka nje, nikitaka tu kuona aibu yangu mara moja zaidi. Nikatoa kichupa kimoja juani. Mraba mweupe. Cha pili, mweupe. Cha tatu, mweupe. Nikarudi sakristia, ukapotea. Nikatoka, ukarudi. Nikainua macho kwenye kile kitambaa. Mwanga wote wa mle ndani ulikuwa wa zambarau, na ndani yake kitu cheupe na kitu cha zambarau havina tofauti. Plastiki haikunidanganya. Nilisahau tu kwamba rangi inahitaji mwanga wa kweli.

Nikakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini, kisanduku kinanigonga nyonga, naita majina. Akina mama wanne wakarudi bila swali. Limi nilimkuta ameshafika njia panda, mume wake akionekana mbele akichunga ng'ombe.

"Limi, ngoja. Dawa ipo, nzuri."

Alitazama kichupa, akanitazama mimi. "Sasa hivi ulisema zimekwisha. Hii umeitoa wapi?"

Nikamweleza yote, kitambaa, mraba, hofu. Nikamwonyesha kifuniko juani. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Kwa hiyo mle ndani ulijua ni mbovu."

"Nilidhani ni mbovu."

"Ukaniacha niende na mtoto hivi hivi. Hukuniambia nitafute pengine."

"Ndiyo. Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa zaidi."

Akashika fundo la kitenge. Nilidhani anafungua kitenge amshushe mtoto, kumbe anakikaza. "Daktari, ukiogopa unasema uongo. Na sasa umesema unaogopa. Mimi nitajuaje?"

Akashika njia. Nilimfuata hatua kumi, ishirini, nikimwomba, nikamwita mwanangu, na sijawahi kumwomba mgonjwa hivyo. Hakugeuka. Nilisimama njiani na dawa nzima mkononi, nzuri, ya baridi, na Happy akinitazama kutoka mgongoni kwa mama yake mpaka walipoingia katikati ya ng'ombe.