Jumapili ya Pedi Moja

Yule mwanamke asiye na uso alitokea kushoto kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu kaka yangu Haron hakumwona.

Tulikuwa sebuleni kwangu Gesima, Jumapili alasiri, mvua ikipiga mabati. Mchezo wenyewe wa video ulikuwa wa kuokoa roho: uko peke yako katika hospitali iliyoachwa, una tochi na risasi nne, na kuna kitu kinakutafuta. Pedi ya kuchezea ilikuwa moja; anayekufa humpa mwenzake. Mimi nilikuwa mwoga. Nilijificha chini ya vitanda, nikabana pumzi hata mle sebuleni. Haron alipita katikati ya korido kama mtu aliye kwake.

“Kushoto!” nilipiga kelele safari ya nne.

Aligeuza kichwa chote, polepole. Alikuwa amechelewa. Skrini ikawa nyekundu.

“Mchezo huu ni wa wizi,” alisema. “Huyu mama anatokea tu ghafla.”

“Haron, amesimama hapo tangu ufungue mlango.”

Nikakumbuka kikombe alichokiangusha tulipokuwa tukinywa chai, na kioo cha kushoto cha lori lake kilichong'olewa na mti mwezi wa tatu. Haron alikuwa dereva wa lori la majani chai. Kushoto kwake ndiko ukingoni mwa barabara, wanakopita wanafunzi wangu wa darasa la pili.

Niliinua vidole viwili kando ya sikio lake la kushoto.

“Ngapi?”

“Joyline, wacha.”

“Ngapi?”

Aliweka pedi juu ya kochi.

“Tangu mwaka jana,” alisema. “Usimwambie Phanice. Nikitoka kwa lori, nitakuwa nani?”

Phanice ni mkewe. Sikumwambia. Lakini Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, nilimpigia simu msimamizi wa magari wa kazini kwake, nikamweleza kwa sentensi tatu. Kisha nikaingia darasani, nikafundisha kutoa kwa kukopa.

Walimtoa kwenye lori, wakampeleka kwa daktari wa Kisii, aliyesema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazimika. La kulia lilikuwa limeanza kufifia upande wa pua. Hilo waliliwahi. Habari hizi nilizipata kwa Phanice, maana Haron hakukanyaga kwangu kwa miezi saba. Harusi ya binamu yetu ilipofanyika Birongo, alihama meza niliyoketia.

Walimpa kazi kwenye kituo cha kununulia chai, kuwapimia wakulima majani. Nami nina shamba dogo la chai; nilikuwa nikimtuma jirani apeleke majani yangu. Siku moja jirani aliugua, nikabeba kikapu mwenyewe, nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika, Haron alitia mkono ndani ya kikapu hadi kwenye kiwiko, akautoa ukiwa umelowa.

“Mwalimu,” alisema, “majani yako yana maji. Yakung'ute kwanza.”

Nikatoka kwenye foleni, nikayakung'uta. Alinishikia nafasi yangu.