Koki ya Tangi la Choo

Shemeji aliposema wanaweza kuegesha karavani nyuma ya uwanja wake wa kuoshea magari, alisema shingo upande, na akaweka sharti moja: harufu. Siku mteja atakapokunja pua kwa sababu yao, mzee ataenda nyumba ya wazee, na mshonaji, bintiye, atahamia chumba cha uani kwa dada yake, mke wa shemeji. Mshonaji alikubali kabla sentensi haijaisha. Alikuwa radhi kwa lolote, mradi baba yake asiende kufia mikononi mwa watu baki.

Karavani, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, ilikuwa ya baba huyo, dereva wa malori ambaye kila mtu alimwita Masafa. Aliinunua kuukuu alipostaafu, akajigamba kwamba ataivuta dunia nzima mpaka matairi yaishe. Matairi yakanywea palepale uwanjani, na kiharusi kikamshika yeye upande wa kushoto. Mke alikwishatangulia mbele ya haki. Akabaki na binti yake mdogo, huyo mshonaji, na cherehani yake, na vitanda viwili vya kukunja.

Choo kilikuwa humo humo ndani, kidogo kiasi kwamba ukikaa magoti yanagusa mlango. Uchafu ulishukia kwenye tangi chini ya sakafu, na hapo hapakuwa na bomba la maji taka la kuupokea. Kwa hiyo mshonaji alikuwa na kazi ya pili, ambayo hakumsimulia mteja yeyote wa magauni. Tangi likijaa alivaa glavu, akaunganisha mpira mnene, akafungua koki, akajaza dumu kubwa la magurudumu, kisha akalikokota mpaka choo cha kituo cha mafuta. Msafishaji wa pale alimruhusu kumwaga, ilimradi aoshe mwenyewe. Tangi moja lilitaka safari kadhaa, na njia ilikuwa ya mawe. Alirudi anahema, kiuno hakisemeki, lakini akifika mlangoni alijikaza na kuvaa tabasamu.

Aliyemfundisha kazi hiyo ni Masafa mwenyewe. Koki ibaki imefungwa mpaka tangi lijae, alimwambia mpaka akachoka kusikia, kwa sababu maji ndiyo yanayousukuma uchafu. Ukiyachuruza maji kidogo kidogo, uchafu unabaki peke yake na kukauka humo ndani, na hapo hata malaika hawezi kuutoa.

Basi, miezi ya karibuni tangi likawa halijai. Mshonaji alimshukuru Mungu na hakuuliza. Nani aliyechoka vile atakaa chini aichunguze nafuu? Alimtania baba yake kwamba siku hizi anakula hewa, na Masafa akacheka kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unacheka. Huko mbele, shemeji alikuwa hapatani na waosha magari wake. Mtaro wa maji ya sabuni ulianza kunuka, naye aliwashuku kwamba wanajisaidia humo. Waliapa kwa mama zao. Mmoja alifukuzwa kwa kucheka katikati ya kiapo.

Jumamosi, siku ambayo uwanja hujaa magari, choo kikagoma. Maji yalipanda badala ya kushuka. Mshonaji akaingia chini ya karavani na glavu zake, akaikuta koki tayari iko wazi. Mdomoni mwake ulikuwa umefungwa mpira mwembamba kwa kitambaa cha gauni, ukapita nyuma ya gurudumu na kuelekea mtaroni. Haukutoa hata tone. Aliufungua, akachokonoa kwa kijiti, kijiti kikagota kwenye kitu kigumu na kuvunjika.

Alipotoka, Masafa alikuwa dirishani. Hakusubiri kuulizwa.

"Nilikuwa nasikia unavyohema," alisema. "Nikaona maji yapungue kidogo, usikokote mzigo wote ule."

"Baba, si wewe uliyenifundisha?"

"Ndiyo mimi."

Alikuwa akijiburuta kwa mkono mmoja mpaka chini ya karavani, kila mwanawe alipokwenda kununua uzi. Mshonaji alitaka kumfokea, na alitaka kumkumbatia, lakini hakuwa na nafasi ya hata kimoja. Alifunga koki, akachemsha maji, akatia sabuni, akaanza kumimina chooni ndoo baada ya ndoo ili ule ukavu ulainike. Masafa alimwelekeza kutoka dirishani. Uzito ulikuwa umezidi. Pale bomba lilipoungana na tangi palikuwa pamechakaa zamani, pakaachia kwa kishindo.

Kila kitu kilitoka kwa mpigo. Kikafuata mteremko, kikapita kwenye mabeseni, kikaingia chini ya gari jeupe lililokuwa limeng'arishwa kwa ajili ya harusi. Mwenye gari alikuwa ameshavaa suti. Mwosha magari mmoja alimgeukia mwenzake na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kumbe si wao.

Shemeji alikuja na mkewe. Laiti angefoka. Alimpa mzee shikamoo, akavua viatu akaviweka mbali, kisha akaeleza kwa upole kwamba nyumba ya wazee wana nafasi, alishawauliza. Dada mtu aliinamisha kichwa. Alikuwa akija kumwona baba yake kila sikukuu, na dumu hakuwahi kuligusa.

Wote wakamtazama mshonaji. Jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Alikuwa amelikariri njiani, akikokota dumu: baba haendi popote. Na shemeji hakuwa mtu mbaya. Wakati ule mshonaji angelisema kwa nguvu, huenda shemeji angenung'unika na kukubali tena, na kesho yake wangetafuta fundi wa bomba, na maisha yangeendelea vilevile. Mshonaji akaitazama mikono yake, ambayo uchafu ulikuwa umeipanda mpaka juu ya glavu. Akajaribu kuona huo mwaka mwingine, na mwingine baada yake. Baba yake alimkodolea macho, anangoja kama wengine.

"Huko," mshonaji aliuliza, "vyumba vina madirisha?"

Dada yake alianza kulia. Mshonaji alisikia mabega yake yakilegea, yakipumzika yenyewe bila ruhusa, na akajichukia kwa raha ile. Shemeji alifungua kinywa kumjibu, Masafa akamtangulia.

"Dirisha si lazima," alisema. "Nitafutie shati safi, mama."