Kufuli Kwenye Geti la Lengalenga

Geti la bustani yangu hapa Macquarie Fields, Australia, halikuwahi kuwa na kufuli kwa miaka kumi na miwili. Lina kitanzi cha waya tu, ambacho hata mbuzi angekifungua, kama tungekuwa na mbuzi. Anayetaka lengalenga, mchicha wetu, anaingia, anachuma ya kumtosha, anapiga hodi dirishani ili nijue ni mtu, kisha anakwenda zake. Ndivyo tulivyoishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na tulihama na tabia hiyo.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikasikia geti linatikiswa.

"Goreth! Siku hizi unatufungia mboga?" Alikuwa Katungu, jirani wa nyumba ya tatu, ana mfuko mkononi na uso umenuna. "Sema tu kama umetuchoka!"

Nikatoka na kitenge changu cha jikoni. Kweli, kufuli. Jipya, la rangi ya shaba, kubwa kama ngumi ya mtoto. Sikuliweka mimi.

Nilijua ni la nani. Nusu ya bustani ile analima mzee Mushagalusa, mtu wa Bukavu, anayekaa ghorofani ambako hakuna udongo hata wa kujaza kikombe. Nilimpa matuta manne nyuma ya kibanda tangu mkewe alipofariki. Alifika saa nne, anachechemea kwa magoti yake, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Mama Iteka, usikasirike. Njoo uone kazi safi."

Nyuma ya kibanda alikuwa amejenga uzio wa waya wa kuku, mrefu kunipita, kaufunika kwa shuka la maua ili mpita njia asione ndani. Ndani mna ndoo mbili nyeupe, kila moja na mche wake, majani kama vidole vilivyotanuliwa. Niliyajua kabla sijainama. Mama yangu alikuwa akiwapa kuku majani hayo wakiugua.

"Mzee! Hii si bangi?"

"Ya halali!" Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, aliyoletewa na Aloys, mpwa wake wa Canberra. "Mtu mmoja, miche miwili. Nimepanda miwili. Watoto wasifikie: uzio huo. Watu wa nje wasiingie: kufuli hilo. Sikuruka hata mstari. Ni ya magoti, mama, si ya kuvuta na vijana pale stesheni."

Nikahesabu siku. Alhamisi ndiyo mkaguzi wa nyumba za serikali anakuja, na jina lililo kwenye mkataba ni langu. Likionekana tatizo, atakayetolewa nje na masufuria yake ni mimi.

Binti yangu Iteka akaingia, ametoka kazini hospitali ya Westmead, bado na sare yake. Akaisoma karatasi amesimama.

"Mama, hii ni sheria ya Canberra. Hapa kwetu ni jimbo jingine, hata mche mmoja hauruhusiwi. Ufunge kufuli kumi, ni kosa vilevile."

"Kwani Canberra si Australia?" Mushagalusa akauliza. "Bendera moja, pasipoti moja, saa tatu kwa gari! Binti, hebu soma tena."

Iteka akasoma tena. Halafu akataka kuing'oa ile miche mwenyewe, nikamshika mkono. Mtu aliyejenga uzio ule kwa magoti yale, humng'olei mimea yake mbele ya macho yake. Nikachemsha chai ya tangawizi, nikamwekea mzee kiti, nikangoja amalize kikombe cha kwanza na nusu ya cha pili.

"Mzee, kule Nyarugusu kuni ulikuwa unatafuta wapi?"

"Ndani ya kilomita nne kutoka kambini, mwisho wa ruhusa yetu. Si unajua?"

"Na ukifika ya tano?"

"Polisi." Akacheka kidogo. "Walinilaza ndani siku mbili kwa mzigo mmoja."

"Miti ya kilomita ya tano ilikuwa na tofauti gani?"

"Hakuna. Ni ile ile."

Akaushika ule ufunguo shingoni, akaugeuza huku na huku.

"Kwa hiyo Aloys yuko ndani ya kilomita nne," akasema polepole.

"Na sisi tuko ya tano, mzee wangu."

Akamaliza chai. Akafungua mwenyewe kufuli la geti, akalitia mfukoni, akang'oa mwenyewe miche yake, akaikatakata, nami nikamwaga maji moto ya birika juu yake, tukafukia. Iteka akampangia siku ya kuonana na daktari. Kama kuna dawa ya magoti, ya mmea huo au nyingine, daktari ndiye ataandika. Shuka la maua nikalifua. Uzio tukauacha, tukapanda maharage ya kutambaa.

Alhamisi mkaguzi, msichana mpole mwenye viatu vyeupe, akatazama jiko, akatazama bafu, akafika bustanini akausifia uzio. Kwenye geti akagusa kile kitanzi cha waya.

"Huna kufuli hapa? Mtu yeyote anaweza kuingia."

Mushagalusa akafungua mdomo. Nikamkanyaga kidole.

"Ndiyo," nikamjibu msichana. "Huwa wanaingia."

Na nyuma yake Katungu alikuwa tayari amesimama na mfuko wake, anangoja apishwe.