Usubi wa Ng'ambo

Skjona, farasi wetu, alikuwa akijisugua kwenye nguzo ya ua, na nguzo ilikuwa na damu. Singa zake, zilizokuwa zikimfunika macho, zilikuwa zimenyonyoka, na mkia ulibaki kama ufagio uliochakaa. Hasira ilinipanda kabla hata sijamsalimu mdogo wangu.

Ormur alitoka na ndoo ya siki, vitunguu saumu vilivyopondwa, lami kidogo na mafuta ya kupikia, mengi.

"Karibu Denmark, dada. Hii ndiyo kiboko ya usubi. Hawasogei."

"Hawasogei wapi, na mgongo umechubuka hivyo?"

"Atazoea tu."

Atazoea. Kwetu Iceland wakati ule usubi wa kuuma farasi hawakuwapo, na farasi aliyekulia kule akiumwa ng'ambo, ngozi yake inawaka moto. Kila mtu kwetu anajua. Tunajua pia kwamba farasi akishavuka bahari, sheria haimruhusu kurudi, hata awe mzima kama kigongo. Siku Ormur alipokuja kumchukua nilimwambia, mbele ya baba, anunue aliyezaliwa huko huko. Akacheka, akasema nina wivu. Baba akanyamaza. Alikuwa mzee, najua, lakini alinyamaza, na hilo bado linanikera.

Nilimpokonya ndoo. Yale mafuta, kwa jua la Julai, yalikuwa yamemuunguza Skjona mgongo mpaka nyama ikaonekana. Nilimwosha kwa maji baridi. Alitetemeka, wala hakunipiga teke, na upole wake ukanichoma.

"Laiti tungemrudisha nyumbani," Ormur akasema.

"Unajua harudi."

"Najua."

"Ulijua tangu siku ile."

Jioni daktari wa mifugo alimkagua Skjona, akasema tumechelewa, asiachwe ateseke zaidi. Nilimshika kamba mwenyewe alipodungwa sindano, mpaka akalala chini. Ormur aliingia ndani, akawasha redio. Mpaka leo sijamsamehe ile redio.

Theluji ya mwaka uliofuata ilipoanza kuyeyuka, alinipigia simu.

"Dada, nichagulie mwingine kwa baba. Mpole kama yule. Jirani amenipa mchanganyiko mpya, huu hauna mafuta kabisa."

Niliiweka simu mezani akiwa bado anaongea, nikavaa buti, nikaenda kufunga geti la malisho kwa kufuli.