Kaunti Isiyo na Saratani

Niliota usiku wa jana, simu ikiwa bado mkononi, kwamba mimi na mama tunahama. Tumepanda bodaboda isiyo na dereva. Mama amekaa mbele, mimi nyuma, na katikati yetu kuna sufuria ya chai inayochemka bila moto. Tunaenda Kaunti ya Chini, mahali ambapo hakuna mtu anayekufa kwa saratani.

Ngoja kwanza nieleze, maana hii safari haikutoka hewani. Jana jioni niliona ramani kwa simu. Kila kaunti imepakwa rangi kulingana na watu inaowazika kwa saratani. Yetu, Kaunti ya Juu, ni nyekundu kama jicho lililoingia moshi. Jirani yetu ng'ambo ya mto, Kaunti ya Chini, ni nyeupe pe! Niliruka kutoka kitini.

Mama yangu ni mchuma chai, na sasa ni wiki ya sita hawezi kumeza ugali. Unakwama hapa, anaonyesha kifuani, halafu anakunywa chai ya moto kabisa ili ausukume. Anti Bornes, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, alimwandikia barua aende hospitali leo Alhamisi, akaangaliwe koo kwa kamera. Mama akaificha barua ndani ya kopo la majani ya chai. Na mimi, badala ya kumwambia aitoe, nikamwonyesha ramani. "Mama, nambari ni nambari! Tuhamie kwa shangazi, kule haiui mtu!" Mama alifurahi mno. Aliniita msomi. Nikalala nikiwa nimejaa sifa.

Basi. Tumefika darajani. Katikati ya daraja amekaa fundi na cherehani yake. Fundi hasemi kitu, anakanyaga tu. Inayoongea ni cherehani.

"Simameni. Miaka mingapi?"

"Mama hamsini na nane, mimi ishirini na mbili."

"Haifai," inasema cherehani. "Hatuwezi kulinganisha kaunti ya wazee na kaunti ya vijana. Ugonjwa huu unapenda waliokula chumvi nyingi. Umri lazima usawazishwe."

Fundi anachukua utepe, anampima mama mabegani, anamkata miaka kumi na minane, na kunishonea mimi. Sasa sote tuna arobaini. Goti langu la kushoto limeanza kuuma.

"Unanibana kwapani," nalalamika.

"Utalegea ukiuvaa."

Mama ananigeukia na uso mpya, hana hata kunyanzi moja. "Kaka, tunajuana?"

"Mimi ni Weldon. Mtoto wako."

"Aa," anasema. "Umekula?"

Langoni amekaa Sifuri mwenyewe. Huyu ndiye nambari ya Kaunti ya Chini. Ni mnene, mviringo, laini, amekalia kiti cha kuzunguka, na wanaume wawili wenye tai wanampangusa kwa kitambaa. Enyewe anang'aa. Nampiga picha mara tatu.

"Karibuni sana," anasema Sifuri. "Mko wangapi?"

"Wawili."

"Wawili hatuwezi kuwahesabu. Hapa kila kitu ni kwa kila watu laki moja."

"Sasa hao wengine tutawatoa wapi?"

"Zidisheni."

Nageuka nyuma. Mlima wote umejaa. Mama elfu hamsini, na mimi elfu hamsini, kila mmoja ameshika simu. Wamesimama kwenye mashamba ya chai, kwenye mitaro, juu ya paa la kanisa. Mama elfu hamsini wanauliza kwa sauti moja, "Weldon, umekula?" na mawe yanaporomoka mtoni. Halafu wote wanajaribu kumeza mate. Wote wanakunja uso. Wote wanaweka mkono pale pale kifuani.

Hapo niliogopa kidogo. Lakini lango lilikuwa limeshafunguka.

Ndani ni sebuleni kwa shangazi. Hapana, ni ofisi ya chifu, ila ina vitambaa vya shangazi vya kufuma kwenye viti. Watu wamepanga foleni ndefu, wamevaa vizuri sana, suti na viatu vilivyopakwa rangi. Nikatambua ni marehemu. Redio iko juu ya kabati inawasomea matangazo ya vifo.

"Alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi," inasema redio. Marehemu wa kwanza anapita.

"Alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi." Wa pili anapita.

Wa tatu ni anko Sigilai, mume wa yule shangazi wa ng'ambo. Tulimzika mwaka juzi. Amevaa ile suti tuliyomzika nayo, na mrija unaning'inia puani.

"Baada ya kuugua kwa muda mfupi," inasema redio.

"Miezi kumi na minne," anasema anko.

"Muda mfupi."

"Nilikuwa nalishwa uji kwa mrija!"

"Mfupi."

Anko ananitazama. "Weldon, kijana wangu. Si ulikuja ukanipiga picha na huu mrija?"

"Ndiyo, anko."

"Ulifikiri ni wa nini?"

"Sikufikiri, anko."

"Haya," anasema, bila hasira yoyote. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Muhuri ukaruka kutoka mezani. Una miguu miwili mifupi na sauti ya karani aliyechoka. "Mimi ndio muhuri pekee wa kaunti hii," unasema, na unamgonga anko kwenye paji la uso: MUDA MFUPI. Kisha unamgeukia mama.

"Huyu bado yuko hai!" nasema.

"Najua. Tunatanguliza kazi."

"Hana kitu! Ni ugali tu unamkwama!"

"Wote huanza na ugali," unasema muhuri, na unapanda juu ya kiti ili ufikie kichwa chake. Mama amesimama tu. Amefurahi. Anaamini amefika mahali pasipo na ugonjwa, na aliyemwambia hivyo ni mimi. Nainua simu nipige kelele, nipige picha, nipige chochote. Simu inajibu kwa sauti yangu mwenyewe, tena ile ya furaha: "Nambari ni nambari! Tuhamie kwa shangazi! Nambari ni nambari!"

Haizimiki. Nabonyeza, haizimiki.

Ndipo nasikia buti za mpira, gambuti. Chwap, chwap, chwap. Sauti hiyo kila mtu kijijini anaijua, hata mbwa hawaibwekei tena. Anti Bornes anapita katikati ya watu laki moja na hamkanyagi hata mmoja. Mgongoni amefunga kitu kwa leso kama mtoto. Kina matope mpaka shingoni. Ni nambari yetu, Tisini na Tatu.

"We Weldon! Mamako umemleta wapi?"

"Mahali pasipo na saratani, anti."

"Nani kasema?"

Naonyesha simu. Simu inanyamaza. Ina aibu kuliko mimi.

Sifuri anazungusha kiti chake. "Bornes! Bado unatembea na hilo zigo? Watu wanakuona mwekundu mpaka huko mbali. Mimi niangalie nilivyo safi."

"Wewe si safi," anasema Anti Bornes. "Wewe hujaandikwa."

Anaingiza mkono katikati ya Sifuri, unapita mpaka bega, na anatoa kitabu kikubwa. Analifungua jalada. Kurasa zote ni nyeupe, hata vumbi halijawahi kuketi juu yake. Wale wanaume wenye tai wanaanza kuzipangusa.

Anti Bornes anaubandua muhuri kwenye kiti kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kupe, na kuuweka dirishani. "Twende nyumbani," anasema.

Na tayari tuko nyumbani. Yaani tuko kwenye ile njia ya nyuma ya kilima, ile yenye utelezi, ambayo hata bodaboda huikataa. Anti Bornes yuko mbele. Sisi laki moja tunamfuata kwa mstari.

Wacha niseme kitu kuhusu huyu mama. Mtu akifa upande wetu, Anti Bornes haulizi siku ya mazishi. Siku hiyo anaosha sufuria na wengine. Anangoja hema litolewe, wageni waende, viti vya kukodi virudi kwa wenyewe. Siku ya nne anarudi na robo ya sukari. Anakaa jikoni na mjane, wanachambua maharagwe. Ndipo anauliza polepole, "Alikuwa anameza?" Mjane anasema alilogwa. Anti Bornes anachambua maharagwe. Mjane anasema ilikuwa vidonda vya tumbo. Anti Bornes anachambua maharagwe. Yakikwisha, mjane analia, na kusema kile alichokiona. Anti Bornes anaandika hicho. Amefanya hivyo mara tisini na tatu, kwa miguu, mvua na jua, na ndiyo maana sisi ni wekundu. Mimi nilikuwa najua habari zake zote hizi. Nilikuwa sijaziweka pamoja.

"Ni nzito, anti?" nauliza.

"Shika kidogo."

Ananikabidhi Tisini na Tatu. Magoti yangu ya kushonewa yanakunjika. Ndani yake mtu anakohoa, mwingine anaita ng'ombe, mwingine anauliza kama mvua imenyesha.

"Wee! Unawezaje?"

"Nimezoea. Nikiwaweka chini nani atawachukua?" Anampokea, anamfunga tena.

Anakaa juu ya jiwe na kufungua kitabu chake. Hiki kimejaa. Majina ya wino, mistari na mistari. Lakini kuna kurasa nyingine zilizochafuka, zimefutwa futwa.

"Hawa ni nani?"

"Wale ninaowatuma kupimwa nawaandika kwa penseli. Aliyepona, au aliyekutwa hana kitu, namfuta. Aliyechelewa..." Kalamu ya wino ilimalizia yenyewe, ikikohoa: "Huyo namwandika mimi."

Napitisha kidole. Majina yamefutika, lakini bado nayasikia kwenye karatasi, yamebonyea. Natambua moja. Ni mwalimu Chelule, yule anayeimba kwaya kwa sauti ya kukera. Mwingine ni mama wa kuuza mboga hapo kituoni. Hawa watu nawasalimia kila siku! Hakuna ramani hata moja iliyowapaka rangi.

Halafu naona mstari wa mwisho. Ni wa penseli. Ni jina la mama.

Na kalamu ya wino imeanza kutambaa. Inashuka kwenye ukurasa kama siafu, haina haraka, inaelekea kwenye mstari ule. Naizuia kwa kidole, inapita juu ya kidole.

"Anti, ifute! Mfute mama!"

Anti Bornes anatoa raba yake ya kufutia mfukoni. Nusu nyekundu, nusu buluu, imeng'atwa pembeni. Anaiweka kwenye kiganja changu na kuvikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

"Jaribu," anasema.

Nafuta. Jina halitoki. Nafuta kwa nguvu, karatasi inapata joto. Halitoki.

"Haimfuti mtu ambaye hajaenda kupimwa," anasema Anti Bornes. "Mimi nimejaribu sana."

Nageuka. Mama elfu hamsini wamekuwa mmoja. Fundi wa cherehani amesimama kando ya njia, anakata uzi, na ile miaka kumi na minane inamrudia mama, moja moja, mikono, shingo, macho. Ananitazama na sasa ananijua.

"Weldon," anasema. Anataka kuendelea, lakini neno linakwama. Anaweka mkono kifuani.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshatoka. Simu ilikuwa chini ya kitanda. Sijawahi kuamka bila simu mkononi tangu niinunue. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefumba ngumi, na sijui ni kwa nini niliogopa kuufungua.

Jikoni, mama alikuwa anamimina chai. Inachemka mpaka kwenye kikombe.

"Msomi ameamka," akasema. "Tunahama lini? Nimempigia shangazi yako, amesema kitanda kipo."

"Hatuhami, mama."

"Sasa si ulisema..."

"Anko Sigilai alikufa na nini?"

Mama akapuliza chai. "Si aliugua tu. Muda mfupi."

"Mama. Alikuwa na mrija."

Nikachukua kikombe chake kwa mkono wa kushoto, nikakiweka dirishani kipoe. Mama yangu hajawahi kuruhusu mtu kupoza chai yake. Aliitazama tu, mvuke unapungua. Nikateremsha kopo la majani, nikalifungua kwa kulibana kwapani, nikatoa barua. Ilinukia chai.

"Na kama wataona kitu?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi watakuwa wamekiona mapema."

"Na huo mkono umefanya nini?"

"Hakuna."

Mama akaichukua barua. "Wacha nivae viatu vya kanisani," akasema, na kuingia chumbani.

Chwap, chwap, chwap. Mlango ukagongwa. Alikuwa Anti Bornes, gambuti mpaka magotini, kitabu kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Weldon, umeamkaje? Nilisema nipite nimsindikize mamako, najua atanikimbia."

"Anavaa viatu, anti."

Alinitazama kama nimempa zawadi. Akakaa kwenye kigoda, akafungua kitabu juu ya magoti. "Ee, afadhali. Nilikuwa nimeshaandika amekataa. Wacha nibadilishe." Akapapasa mfuko wa sweta, akapapasa mwingine. "Penseli ninayo. Raba tu ndiyo sijui nimeiangusha wapi, nimeitafuta tangu jana."

Nikafungua ngumi.

Anti Bornes akaichukua, akapuliza vumbi kwenye ule upande uliong'atwa, akafuta neno moja, akaandika lingine. Kisha akanirudishia.

"Kaa nayo," akasema. "Tukirudi nitaihitaji."