Upele wa Geti

Jumamosi asubuhi daktari wa mifugo alifika nyumbani kwa kaka yake na kulikuta geti linajikuna. Lilikuwa geti la chuma, jeusi, lenye maua ya dhahabu juu, na upande wake wa kushoto ulikuwa unajisugua kwenye nguzo taratibu, kama mtu aliyewashwa mgongoni akakosa wa kumkuna. Daktari alisubiri limalize, kisha akabisha hodi.

Kaka alimfungulia mwenyewe. Alikuwa mfanyabiashara wa vigae, mtu wa kuliona doa kwenye sakafu ya jirani bila kuingia ndani. Alieleza kwamba fundi rangi ameshindwa. Alipaka, rangi ikabanduka. Akakwangua, akapaka upya, ikatoka tena, safari hii na magamba. Mwishowe fundi alifunika ndoo zake na kusema, kwa heshima zote, kwamba yeye anajua vyuma; hili ni suala la ngozi, atafutwe mtu wa ngozi. Katika ukoo mzima, mtu pekee aliyewahi kusomea ngozi ya aina yoyote alikuwa dada mtu.

Daktari alivaa glavu. Geti lilikuwa na homa. Kwenye bawaba walijazana kupe, wamevimba wakang'aa kama maharage yaliyolowekwa. Rangi ilikuwa imetoka kwa mabaka: moja juu kwenye pembe ya kushoto, moja ubavuni, moja pana kule chini. Alipomaliza kuyatazama hayo, aligeuka kumtazama mbwa.

Mbwa aliitwa Kamanda. Alikuwa amefungwa mnyororo kwenye nguzo hiyohiyo tangu alipokuwa mtoto. Hakuwa na manyoya kwenye sikio la kushoto, ubavuni na chini ya tumbo. Palipobaki ngozi tupu paling'aa oili chafu ya gari, kwa sababu kaka alikuwa na tiba zake. Upele aliupaka oili. Makombo aliyatia pilipili ili mbwa awe mkali. Sabuni aliipiga marufuku, maana inaosha ukali. Chanjo alizihesabu kuwa mambo ya mbwa wasiojiamini.

Daktari alimfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe, rangi ambayo dukani kwa kaka ingepata wateja wengi.

"Kaka, geti halina ugonjwa wake. Limeambukizwa. Mtibu Kamanda, litapona lenyewe."

"Mdogo wangu, nimekuitia geti."

"Mbwa huyu hana damu, kupe wameimaliza. Niache nimchukue leo kliniki. Akibaki hapa atakufa."

"Ukimchukua," kaka aliuliza, na aliuliza kwa nia njema kabisa, "geti atalilinda nani?"

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, alisema wageni wanakuja mwisho wa mwezi, na wageni hawaanzi kumwona mbwa, wanaanza kuliona geti. Hoja ilipokelewa.

Basi daktari akafanya alichoruhusiwa. Alichanganya dawa ya kupe kwenye ndoo na kuliogesha geti kwa brashi laini, kuanzia juu kushuka chini, bila kusahau nyuma ya kitasa, mahali ambapo kupe hupenda kujificha. Alipougeuza mkono kumpaka Kamanda shingoni, kaka aliivuta ndoo kwa upole na kumkumbusha kwamba ile ni dawa ya geti. Sindano ya upele daktari aliichoma ubavuni mwa geti. Iliingia bila shida, na geti likashusha pumzi. Akalichanja chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa kaka alisema kitu kikikaa barabarani hukutana na kila aina ya watu.

Dawa ya minyoo ilikuwa ya vidonge. Daktari alisema hufichwa ndani ya nyama. Wifi akaingia jikoni, akatoka na mnofu wa maana, usio na mfupa wala pilipili, wakausukuma kwenye tundu la funguo. Kamanda aliutazama mnofu hadi ulipoishia. Hakubweka. Pengine alijua vitu vya geti ni vya geti.

Daktari alikuwa na tumaini moja, na hakulisema. Kama ugonjwa ulitoka kwa mbwa ukaenda kwenye chuma, huenda dawa nayo ingetoka kwenye chuma ikaja kwa mbwa. Aliporudi baada ya muda aliona jibu kabla hajateremka kwenye gari. Geti lilikuwa linameta. Lilikuwa limenenepa kidogo, na kaka alipopiga honi lilitikisa upande wa kushoto kwa furaha. Majirani walilipapasa wakipita. Dawa haikuijua njia ya kurudi.

Kamanda alikuwa amehamishiwa nyuma ya tangi la maji, asije akaliambukiza tena. Huo ndio ushauri pekee wa daktari ambao kaka alikuwa ameuelewa. Mbwa alikuwa amelala ubavu, pumzi fupifupi. Daktari hakuomba ruhusa. Alimbeba mikononi, akavuka naye uwanja, na geti likajifungua lenyewe pande zote mbili kabla hajalifikia. Kaka alipiga kelele kutoka barazani kwamba mbwa ni wake. Kamanda alifia kwenye kiti cha nyuma, kabla ya kona ya kwanza. Daktari alisimamisha gari pembeni, akamfunika kwa koti lake la kazi, akakaa.

Kaka alisikitika. Alisema mbwa wa siku hizi si wavumilivu. Baada ya wiki chache akanunua mwingine, kitoto cha kahawia chenye tumbo la duara, akampigia dada yake simu, si kwa ajili ya kitoto, bali kwa sababu geti limeanza ubishi. Kila mara kitoto kilipoletwa karibu, lilijifunga na kugoma kufunguka, hata kwa ufunguo. Wageni linawafungulia. Muuza mkaa linamfungulia. Kitoto tu ndicho linachokikatalia.

"Ulilichanja kitu kikali mno," alilaumu. "Sasa lina msimamo."

Daktari alifika na chanjo ya kitoto kwenye kiboksi chenye barafu. Umri wa kukichanja ulikuwa ndio wenyewe, na alimweleza kaka hivyo, na akamweleza pia kuhusu kupe, minyoo na maji safi. Kaka alisema asikimbilie kumdekeza mnyama, wataangalia mwezi ujao. Kisha akamwita fundi rangi, ambaye alikuja na ngazi yake, na kitoto kikapitishwa juu ya ukuta, mkono kwa mkono, hadi upande wa ndani, ambako nguzo na mnyororo vilikuwa tayari. Geti lilibaki limejifunga, sasa kwa kila mtu. Wenye nyumba walitoboa mlango mdogo ukutani, pembeni, na baada ya siku mbili tatu walikuwa wameshauzoea.